Siku Iliyoandikwa Kwenye Kadi
Mhadhara kuhusu msiba, sonona na kliniki ya wagonjwa wa nje katika Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa

Msiba ukitokea Kyela, hakuna anayemuuliza mfiwa kama anahitaji watu. Watu wanafika. Jua halijazama turubai limeshafungwa, ndizi na mchele vimepitishwa mlango wa nyuma, na akina mama wamekaa chini wakimzunguka mwenye uchungu, bega kwa bega, kiasi kwamba hata akitaka kuanguka hana pa kuangukia. Usiku halali peke yake. Wanaume wanakesha nje kwenye moto, na hata yule ambaye hakuwa akisemezana na mwenye nyumba tangu mwaka jana amekuja, kwa sababu kutoonekana msibani ni jambo ambalo kijiji hakisahau.

Desturi hiyo imeandikwa zamani. Kati ya mwaka 1934 na 1938 wanaanthropolojia wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliishi miongoni mwa Wanyakyusa, enzi ambazo Kyela ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Rungwe. Walisaidiwa na wenyeji, akiwemo karani na mkalimani wao Leonard Mwaisumo, ambaye bila yeye mengi yasingefika kwenye karatasi. Mwaka 1939 Godfrey alichapisha uchunguzi wake kuhusu maziko ya Wanyakyusa. Alieleza kilio cha wanawake na ngoma za wanaume waliocheza na mikuki mikononi, na jinsi ngoma iliyoanza kwa machozi na hasira ilivyobadilika taratibu ikawa ya uchangamfu, mpaka watu wakawa wanacheka pembeni ya kaburi bichi. Mgeni mwenye haraka angeona utovu wa adabu. Godfrey alikaa, akatazama, akaelewa kwamba kijiji kilikuwa kinamtoa mfiwa mahali pamoja na kumpeleka pengine.

Monica, katika vitabu na makala alizotoa miaka ya 1950, alikwenda ndani zaidi. Alionyesha kwamba katika taratibu za kumtoa mfiwa kwenye msiba kulikuwa na vitendo vya makusudi vilivyoiga mwenendo wa mwenye wazimu, na wenyeji wakamweleza kwamba wazimu wenyewe huzuiwa kwa njia hiyo. Asiyefanyiwa taratibu zile, walisema, ndiye anayeweza kurukwa na akili. Mtu wa leo anaweza kuukataa mzizi wa imani hiyo, na wengi Kyela, Wamoravian na Walutheri na wengineo, wameshauacha. Lakini maarifa yaliyomo ndani yake hayapaswi kudharauliwa. Watu wa mwambao huu walijua, kabla ya hospitali yoyote, kwamba huzuni inaweza kuvunja akili, na kwamba kinga yake hufanywa na watu wengi kwa pamoja, ikiwa na siku ya kuanza na siku ya kumaliza.

Hoja ya mhadhara huu inaanzia hapo. Huzuni yenye maiti ina ratiba: siku ya kuzika, siku ya kuvunja matanga, siku ya kugawana vitu vya marehemu. Huzuni isiyo na maiti haina ratiba. Mama aliyejifungua salama mtoto mzuri na sasa, wiki ya 6, anamtazama mtoto huyo bila kuhisi chochote, hana turubai la kufungiwa. Kijana aliyerudi kutoka mpakani Kasumulu baada ya biashara kufa, asiyelala, asiyekula, anayekaa nyuma ya nyumba toka asubuhi mpaka jioni, hana kwaya ya kumwimbia. Mkulima ambaye mpunga wake umesombwa na maji ya Mto Mbaka au Kiwira hupewa pole siku ya kwanza. Mwezi wa 3 akiwa bado haamki, anaitwa mvivu. Jamii yenye ustadi mkubwa wa kuomboleza inaduwaa mbele ya huzuni isiyo na tarehe.

Kliniki ya afya ya akili ya wagonjwa wa nje, kwa umbo lake lote la kawaida, la benchi na faili na dirisha la dawa, inampa mtu huyo kitu ambacho mila haikumwandalia, yaani siku. Siku hiyo imeandikwa kwa kalamu kwenye kadi, na mtu anaijua na kuingoja.

Kisa cha Godfrey Wilson mwenyewe kina uzito katika jambo hili. Mwaka 1938 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Alikuwa mtu aliyepinga vita, na msimamo huo ulichangia kumtoa kazini. Akajiunga na kikosi cha tiba cha jeshi la Afrika Kusini. Kwa miaka mingi alikuwa akipatwa na vipindi vya sonona. Mwaka 1944 alijiua, akiwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu. Monica alibaki na watoto wadogo na maboksi ya daftari za utafiti, na kutokana na daftari hizo akaandika vitabu ambavyo wasomi wa Unyakyusa wanavisoma mpaka leo. Mtu aliyeona kwa macho yake jinsi kijiji kizima kinavyombeba mfiwa hakuokolewa na ujuzi huo. Kisa hiki kinasimuliwa hapa kwa sababu bado kuna wanaodhani elimu au ujuzi wa mambo ya watu humkinga mtu na ugonjwa huu. Haumchagui mtu. Humpata daktari, mchungaji na profesa kama unavyompata mvuvi wa Itungi.

Kwa muda mrefu, kwa mtu wa Kyela, neno "hospitali ya akili" lilikuwa na maana ya kuondoka. Wakati wa Wajerumani wamisionari waliwatunza wagonjwa wa akili Lutindi, katika milima ya Usambara, mahali ambapo hospitali ingalipo. Mwaka 1927 serikali ya Waingereza ilifungua hospitali ya Dodoma inayojulikana leo kama Mirembe. Kutoka Kyela mpaka Dodoma ni zaidi ya kilomita 600. Mgonjwa alipelekwa, mara nyingi kwa nguvu, mara nyingi akiwa amefungwa kamba, na ndugu waliomsindikiza walirudi wakijua kwamba nauli ya kumtembelea haitapatikana. Wengine walipona, wakarudi, wakakuta shamba limegawanywa na mke ameolewa. Mirembe ilitibu wengi na inaendelea kutibu. Wauguzi wengi wa afya ya akili nchini walifundwa hapo. Ila umbali ule ulifundisha vijiji somo baya, kwamba mwenye ugonjwa wa akili ni mtu wa kuhamishwa.

Mabadiliko yalianza polepole. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark, Tanzania ilijaribu katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro kuweka huduma za akili ndani ya hospitali za wilaya, vituo vya afya na zahanati za kawaida. Profesa Gad Kilonzo wa Muhimbili ni miongoni mwa waliofuatilia na kuandika historia ya jitihada hizo. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza: kama zahanati inaweza kutibu malaria, mganga wake afundishwe pia kutambua kifafa, sonona na wazimu, aanze dawa, na ampeleke mbele yule tu aliyemshinda. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ikaweka taratibu za matibabu ya hiari na ya lazima. Kwa watu wa Kyela, ngazi ya juu iliyo karibu ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilomita 120 kupitia Ibanda na Tukuyu, kutoka joto la ziwani mpaka baridi ya Uyole. Si karibu sana. Lakini mtu anaweza kwenda na kurudi bila kuuza ng'ombe.

Ndani ya kliniki hizi kunafanyika nini hasa? Wengi wanaoogopa kuja wanaogopa kitu wasichokijua, kwa hiyo inafaa kukieleza hatua kwa hatua.

Katika hospitali nyingi za wilaya nchini, kliniki ya afya ya akili ina siku yake maalumu. Anayeiendesha mara nyingi ni muuguzi au tabibu aliyesomea fani hiyo, ambaye pia ndiye mratibu wa afya ya akili wa wilaya. Wagonjwa hukaa kwenye benchi kama wagonjwa wengine, na nusu nzima ya benchi inaweza kuwa watu wa kifafa. Jambo hilo huwashangaza wengine: kifafa ni ugonjwa wa ubongo, wa umeme wa ubongo kupotoka kwa ghafla, na si wazimu. Kimewekwa kwenye kliniki hii kwa sababu dawa zake na watu wanaojua kuzitoa wako hapo. Muungano huo umekuwa na baraka yake. Familia nyingi huingia mlango wa kliniki kwa mara ya kwanza kwa ajili ya mtoto mwenye degedege lisiloisha, na wakishaingia huwa hawaogopi tena kumleta shangazi anayesikia sauti.

Mfano mkubwa wa Tanzania katika hili uko Mahenge, Morogoro. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha huko mwanzoni mwa miaka ya 1960 kliniki ya kifafa. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa, wenye makovu ya moto kwa sababu hakuna aliyethubutu kumgusa aliyeanguka jikoni, watu wakiamini povu la mdomoni linaambukiza. Alitumia dawa ya bei nafuu, fenobabito, na watu walioanguka kila wiki wakaacha kuanguka. Walipoacha kuanguka, hofu ya majirani ikapungua bila mahubiri mengi. Katika nyanda za juu kusini, ambako nguruwe hufugwa kwa wingi, kuna sababu ya ziada ya kulitazama jambo hili: mayai ya minyoo ya tegu la nguruwe, yakimezwa kwa chakula au maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye tegu, huweza kuota kama vifuko ndani ya ubongo na kuleta kifafa. Choo kizuri, nguruwe wa bandani na nyama iliyokaguliwa ni kinga ya akili sawa na kinga ya tumbo.

Turudi kwenye benchi. Chukua mfano wa mama wa makamo kutoka Ipinda, aliyeletwa na mdogo wake. Haletwi kwa sababu ya kupiga kelele. Ameletwa kwa sababu ameacha kwenda shambani kwenye kakao, ameacha kikoba, hali chakula, na amezunguka zahanati 3 akilalamika kichwa, moyo kwenda mbio na mgongo kuwaka moto, akapewa dawa za malaria ambayo hakuwa nayo. Muuguzi mzuri hamwanzii na jina la ugonjwa.

"Shikamoo, mama. Poleni na safari."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshafika."

"Usingizi unakuja, mama?"

Maswali yanayofuata yanaonekana madogo. Anaamka saa ngapi. Akiamka anawaza nini. Chakula kina ladha. Ni lini mara ya mwisho alicheka. Mawazo ya kwamba afadhali asingekuwepo yamewahi kumjia. Swali hilo la mwisho linawatisha ndugu, wanadhani linamfundisha mtu jambo ambalo hakulijua. Uzoefu wa tiba duniani kote unaonyesha kinyume: kumuuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo, na wengi hupumua kwa sababu hatimaye kuna mtu amelitaja. Kwa swali hilo muuguzi hupima pia kama mama anaweza kurudi nyumbani leo, na nani atakaa naye usiku.

Kuhusu dawa, ukweli unaofichwa ndio unaoharibu tiba. Dawa za sonona kama amitriptilini au fluoksetini hazifanyi kazi siku ya kwanza. Nafuu huja baada ya wiki 2 mpaka 4, wakati kinywa kikavu na usingizi mzito vinavyoletwa na amitriptilini huja siku hiyohiyo. Mgonjwa asiyeambiwa hivyo anaona amepewa sumu, anaacha siku ya 5, na kijiji kinasema dawa za hospitali hazisaidii. Kwa wale wenye skizofrenia iko sindano ya kila mwezi ambayo imewawezesha watu wengi nchini kulima, kuvua na kulea. Wa kifafa wanapaswa kuambiwa kwamba kuacha dawa ghafla, hata kama hawajaanguka kwa miezi, kunaweza kuleta kuanguka kubaya kuliko kwa mwanzo. Haya ni maelezo ya dakika 5. Katika kliniki yenye watu 40 na muuguzi mmoja, dakika hizo 5 ndizo za kwanza kukatwa, na hasara yake ni kubwa kuliko hasara ya kukosa jengo jipya.

Kabla ya hospitali wapo waganga na wapo wachungaji, na mhadhara wowote unaowaruka haumzungumzii mtu wa Kyela wala wa Dar es Salaam. Mwaka 2003 mtafiti Ngoma pamoja na wenzake wa Uingereza walichapisha utafiti uliolinganisha watu waliokwenda kwenye kliniki za kawaida za Dar es Salaam na waliokwenda kwa waganga wa jadi. Kati ya waliokwenda kliniki, karibu 24 kwa kila 100 walikuwa na sonona au wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa. Kwa waganga walikuwa 48. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya wanaokaa kwenye mikeka ya waganga wanaumwa huzuni na hofu, na wanakwenda kule kwa sababu mganga ana muda, anamuuliza mtu habari za ukoo wake, na anaamini kwamba maumivu yake yana kisa. Kliniki yenye busara haiwagombezi wanaotoka huko. Inamuuliza mgonjwa alikopita, inataka kujua amekunywa nini kisije kikagombana na vidonge, na inasimama imara kwenye mambo ambayo hayana mjadala: kufunga mtu kwa minyororo, kumnyima chakula kwa jina la mfungo wa maombi, kumpiga ili pepo litoke. Hayo ni mateso, yawe yamefanywa uani kwa mganga au ndani ya kambi ya maombi.

Ila vidonge pekee havitoshi, na hapa ndipo penye sehemu nono zaidi ya habari hii, kwa sababu Afrika Mashariki imetoa ushahidi ambao dunia nzima inausoma.

Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai kusini mwa Uganda, eneo lililokuwa limepigwa na UKIMWI kupita kiasi, watafiti walikusanya watu wenye sonona katika vikundi, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Walioongoza vikundi walikuwa wenyeji wenye elimu ya sekondari waliofundishwa kwa wiki chache. Hawakuwa madaktari. Kikundi kilikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, kikazungumza mambo 3 au 4 yanayoangusha watu popote: kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, mabadiliko makubwa ya maisha, upweke. Kabla ya kuanza, watu 86 kwa kila 100 wa vikundi hivyo walikuwa na sonona ya wazi. Mwisho wake walibaki kati ya 6 na 7. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, idadi ilishuka pia, kwa kuwa muda nao hutibu kidogo, lakini ikaishia kwenye 55 hivi. Hakuna kidonge kilichotumika.

Huko Harare, tangu mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kuwasaidia kuchambua tatizo moja baada ya jingine. Mpango huo umeshafika Malawi, jirani wa Kyela ng'ambo ya Mto Songwe, na Zanzibar pia.

Utafiti unaogusa Tanzania moja kwa moja ulihusu watoto waliofiwa na mzazi, wenye umri wa miaka 7 mpaka 13, huko Moshi na huko Bungoma nchini Kenya. Watoto 640 walishiriki, na matokeo yalitoka mwaka 2020. Washauri walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa. Watoto walikutana kwa vikundi mara 12, wakajifunza kutulia, kusimulia kifo cha mzazi bila kukimbia, na kukumbuka mema yake. Walezi walikuwa na vikao vyao. Katika maeneo 3 kati ya 4, vijijini na mjini huko Kenya na mjini huko Moshi, watoto waliopata tiba walipata nafuu kubwa kuliko wenzao. Huko Moshi tofauti haikusimama kwa muda mrefu, kwa kuwa hata watoto ambao hawakupata tiba hiyo walipata nafuu. Inafaa kuitaja sehemu hiyo iliyokataa, kwa sababu wanaoleta miradi vijijini wana mazoea ya kutaja mafanikio tu.

Kinachopendeza katika tiba ya watoto wale ni kwamba mtoto aliambiwa aseme. Katika misiba mingi ya kwetu mtoto hufukuzwa acheze, huambiwa baba amesafiri, na huhamishiwa kwa shangazi kabla udongo haujakauka. Kijiji kinachombeba mjane kwa mikono 100 mara nyingi hakina hata mkono mmoja kwa mwanawe wa miaka 8. Mkoa wa Mbeya, uliokaa kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia na Malawi, uliguswa mapema na kwa nguvu na UKIMWI, na watoto wa miaka ile ndio wazazi wa leo. Wengi wao hawajawahi kuulizwa.

UKIMWI huohuo umeacha pia jambo la kujifunza. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa nchini, kliniki ya CTC, yaani ya tiba na matunzo kwa wenye VVU, imewafundisha Watanzania tabia ambayo hawakuwa nayo: kuwa na kadi, kuijua tarehe, kuwa na mtu wa kukusaidia kumeza dawa, kufuatiliwa nyumbani ukikosa. Kila kitu ambacho mgonjwa wa sonona anahitaji kimeshajengwa, na kinafanya kazi, katika chumba cha pili cha hospitali ileile. Mtu mwenye VVU aliye na sonona huacha dawa kwa urahisi zaidi. Kumuuliza usingizi wake kwenye CTC kungetibu magonjwa 2 kwa foleni moja. Ni vigumu kuona sababu ya msingi ya kutofanya hivyo.

Mwambao wa kaskazini una ugumu wake. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na masika hapa huvuta mpaka Mei. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani ikiwa na hasira na kutandaa kwenye tambarare ya mpunga. Siku ya kliniki ikiangukia wiki ya mafuriko, mgonjwa wa kata za bondeni hafiki, na sindano yake ya mwezi inapita. Kutoka Kyela mjini mpaka Matema, ilipo hospitali ya Kilutheri ya Dayosisi ya Konde, barabara ipo. Zaidi ya hapo, upande wa mashariki, Milima ya Livingstone inaingia majini moja kwa moja. Ikombe, kijiji cha wafinyanzi Wakisi ambao vyungu vyao huuzwa mpaka mbali, hufikiwa kwa mtumbwi au kwa miguu. Mbele yake viko vijiji vya pwani ya Ludewa kama Lupingu, ambavyo kwa watu wake meli na boti ndizo barabara. Ziwa likichafuka, hakuna tarehe yoyote kwenye kadi inayotimia.

Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kumwandikia "rudi baada ya wiki 4" na kumpa vidonge vya wiki 4 kamili ni kumpangia akose. Anahitaji vidonge vya akiba, na anahitaji zahanati ya karibu yenye jina lake kwenye daftari, ili sindano ichomwe kule na si ng'ambo. Anahitaji pia ndugu aliyeelezwa dalili za kurudi kwa ugonjwa: usingizi unaopungua siku 3 mfululizo, maneno yanayoongezeka au kukoma, kujitenga, pombe kuzidi. Pombe ya kimpumu baada ya jembe ni sehemu ya maisha ya Unyakyusa na hakuna haja ya kuilaani; lakini mtu anayekunywa ili apate usingizi amekwishaanza kujitibu, na anatumia dawa inayozidisha ugonjwa.

Ipo pia sheria inayozuia watu kusema. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kifungu hicho kilirithiwa kutoka kwa Waingereza, ambao wenyewe walilifuta kosa hilo kwao mwaka 1961. Kenya ilikuwa na kifungu kinachofanana nacho, namba 226, mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ya Nairobi ilipotamka kwamba kinapingana na Katiba. Athari yake kwenye benchi la kliniki ni ya moja kwa moja. Familia iliyomwokoa kijana wao usiku haisemi hospitalini kilichotokea. Inasema amekula chakula kibaya, amekosea chupa. Daktari anatibu tumbo, kijana anarudi nyumbani na mawazo yaleyale, na hakuna aliyemwandikia tarehe ya kurudi. Bunge lina uwezo wa kuliondoa jambo hili kwa muswada mfupi.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 nchi nzima, watu wa kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji na mitaa yao wenyewe. Hao ndio wanaoweza kumkuta yule mama wa Ipinda kabla hajazunguka zahanati 3, kama watafundishwa maswali yale madogo ya usingizi na chakula, na kama watakuwa na orodha ya waliopitisha tarehe zao. Wao pia wanaweza kuanzisha vikundi vya mazungumzo vya namna ya Masaka, kwa kutumia watu ambao Kyela inao tayari kwa wingi: akina mama wa kwaya, wanavikoba, wazee wa kanisa, wanawake waliozoea kukaa na mfiwa usiku kucha na kujua wakati wa kunyamaza.

Na dawa ziwepo. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1; mipango ya halmashauri huandikwa miezi kadhaa kabla, na vituo hupeleka mahitaji yao Bohari ya Dawa. Amitriptilini, fluoksetini, kabamazepini, fenobabito na sindano ya mwezi si dawa ghali zikilinganishwa na nyingi zinazoagizwa. Hukosekana kwa sababu kwenye kikao cha kupanga hakuna aliyezitaja, wagonjwa wake wakiwa watu wasiopiga kelele na ndugu zao wakiona haya. Diwani anayewakilisha kata ya bondeni au ya ziwani anaweza kuuliza swali moja kwenye kikao hicho: kituo chetu kilikaa siku ngapi mwaka jana bila dawa za akili, na je, shehena ya kutosha hadi Juni itafika kabla ya mvua za Machi?